Marejeo ya kuchati na mawasiliano ya mtandaoni: uanzie Google Scholar, maktaba ya chuo, majarida huria au hazina za Afrika?

Andika "chat" pamoja na "East Africa" kwenye Google Scholar, chombo cha Google cha kutafutia maandiko ya kitaaluma, kisha shuka taratibu. Utakutana na mirungi. Ethiopia mirungi huandikwa hivyohivyo, chat, na wataalamu wa kilimo na afya wameiandikia makala kwa makala. Ukilegeza utafutaji, paka wa Kifaransa naye anaweza kuchungulia, maana kwao chat ni paka. Tangu mwishoni mwa 2022 kumeongezeka na mafuriko ya ChatGPT. Mwanafunzi aliyekuja kutafuta namna vijana wa Temeke wanavyoandikiana WhatsApp anaondoka na mirungi, paka na roboti.

Huwa nawasaidia wanafunzi kutafuta marejeo, na swali halibadiliki: "Mwalimu, nianzie wapi?" Kabla mwanafunzi hajanifikia, kila mtu ameshampa jibu lake. Mmoja kamwambia Google Scholar inatosha. Msimamizi kamwambia asilete kitu ambacho hakikutoka JSTOR, hifadhi ya kulipia ya majarida ya kitaaluma. Rafiki kamwambia vitu vya bure vimejaa. Mwingine kamkumbusha kwamba anaandika kuhusu Kiswahili, kwa hiyo aanzie nyumbani. Wote wana haki kwa kiasi fulani, ndiyo maana kijana anabaki njia panda.

Ili tulinganishe kwa haki, tuzipime njia zote nne kwa swali moja. Tuseme unataka kujua kwa nini vijana wanaandika "xaxa" badala ya "sasa", "cjui" badala ya "sijui" na "2onane" badala ya "tuonane". Swali dogo, lakini ukilitazama kwa karibu lina tabaka. Hiyo x imekalia kiti cha s kwa mapambo tu. C na 2 ni habari nyingine: zinasomwa kwa majina yake ya Kiingereza, "si" na "tu", halafu zinabeba sehemu za kitenzi cha Kiswahili. Kijana anayeandika "2onane" anatumia tarakimu inayosomwa kwa Kiingereza kama kiambishi cha nafsi. Nani ameliandikia jambo hilo, na utampata wapi?

Vigezo

Nimetumia vitano. Gharama, kwa maana ya pesa na ya bando pia. Umri wa maandiko, yaani yanarudi nyuma kiasi gani na yanafika karibu na leo kiasi gani. Ubora, yaani nani alilipitia andiko kabla halijatoka. Kiswahili na Afrika Mashariki. Na mwisho kufuata uzi: ukishapata makala moja nzuri, je, njia hiyo inakupeleka kwa ndugu zake?

Hicho kigezo cha umri kina mtego ambao hauhusu njia yoyote peke yake, kwa hiyo niuseme hapa. Jambo unalolitafuta limebadilisha jina kila muongo. Jarkko Oikarinen alitengeneza IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi mtandaoni, kule Oulu, Finland, mwaka 1988, na watafiti wa miaka ya 1990 walioichunguza waliita uwanja wao "computer-mediated communication" (CMC), yaani mawasiliano kupitia kompyuta. Miaka ya 2000 jina likawa "instant messaging", na kwa simu "texting" au SMS. Baadaye zikaja "social media" na "digital discourse". WhatsApp yenyewe imezaliwa 2009. Mtu anayeandika "WhatsApp" peke yake anafunga mlango wa zaidi ya miaka ishirini ya utafiti, kisha anaandika kwenye mapitio yake kwamba mada hii bado haijashughulikiwa. Kwa Kiswahili nako kuna kamba kadhaa za kuvuta: lugha ya mtandaoni, mitandao ya kijamii, ujumbe mfupi wa simu, mawasiliano ya kidijitali. Zivute zote, popote utakapoamua kutafuta.

Google Scholar

Gharama. Bure, tangu 2004. Ila elewa kwamba inakuonyesha nyumba, haikupi ufunguo. Makala nyingi ukizibofya zinakupeleka kwa mchapishaji anayedai dola. Kabla hujakata tamaa, tazama upande wa kulia wa kila jibu kama kuna PDF, halafu bofya kiungo cha matoleo yote chini yake. Mara nyingi mwandishi ameshaweka nakala kwenye tovuti ya chuo chake.

Umri. Hapa haina mpinzani. Inameza vya zamani na vya wiki iliyopita, vya majarida na visivyo vya majarida. Mfano mzuri ni kazi ya Elizabeth Reid kuhusu IRC, ya 1991, iliyoandikwa akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Melbourne. Ilisambaa mtandaoni na watu wakaendelea kuinukuu kwa miaka mingi.

Ubora. Hakuna bawabu mlangoni. Makala iliyopitiwa na wataalamu watatu inakaa kiti kimoja na ile iliyotoka kwenye jarida linalochapisha chochote mradi umelipa ada. Idadi ya walionukuu inasaidia kidogo, lakini makala mbovu nayo hunukuliwa na wanaoipinga. Kazi ya kuchuja ni yako.

Kiswahili na Afrika Mashariki. Ukiandika kwa Kiswahili inakuletea vya Kiswahili, kwa uchache na bila mpangilio.

Kufuata uzi. Kama ningetakiwa kuitetea Google Scholar kwa sababu moja tu, ni hii. Chukua makala ya Susan Herring ya 1999 kuhusu mshikamano wa mazungumzo kwenye mawasiliano ya kompyuta, "Interactional Coherence in CMC". Chini yake kuna kiungo cha waliomnukuu. Bofya, inafunguka orodha ndefu. Juu ya orodha kuna kisanduku kidogo ambacho wengi hawakioni, cha kutafuta ndani ya hao walionukuu tu. Kitie alama, andika "Swahili" au "Kenya". Kwa hatua tatu umetoka kwenye nadharia ya 1999 ukawafikia watu wanaoitumia nadharia hiyo karibu na kwenu. Mirungi na paka wamebaki nje.

Inamfaa nani? Aliye mwanzoni kabisa anayetaka kuona uwanja ulivyo, na yule ambaye tayari ana makala moja ya kushika.

Maktaba ya chuo na hifadhi za kulipia

Hapa nazungumzia JSTOR, EBSCO na wenzao, ambao chuo kinawalipia ili wewe uingie bila kulipa. Tanzania vyuo vingi hujiunga pamoja kupitia COTUL, na Kenya kupitia KLISC, ili kupunguza gharama.

Gharama. Kwa mwanafunzi imeshalipwa. Kinachogharimu ni nenosiri. Kuna mwaka nilifungiwa akaunti ya maktaba ya chuo kimoja wiki ileile niliyokuwa namalizia sura ya pili, na ofisi husika ilikuwa likizo. Tangu hapo nashauri kila mtu apakue makala anazozihitaji mapema, akiwa bado ana usajili. Aliyehitimu au asiye na chuo anaweza kufungua akaunti binafsi ya JSTOR bila malipo na kusoma hadi makala 100 kila siku 30, kwa kuzisoma mtandaoni hapohapo.

Umri. Zamani wako vizuri mno. Leo ndipo penye tatizo, hasa JSTOR, kwa sababu majarida mengi huko huzuia matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni. Kwa mwanahistoria si kitu. Kwa anayechunguza kuchati, miaka mitano ni enzi nzima.

Ubora. Hapa ndipo msimamizi wako anapopata usingizi. Karibu kila makala ya jarida imepitiwa na wenye fani kabla ya kutoka, na hifadhi hizi zinakuruhusu kuchuja kwa somo, mwaka na aina ya andiko. Kama unabishana na mtu anayesema kuchati kunaua lugha, humu utampata mshirika: makala ya Sali Tagliamonte na Derek Denis katika American Speech, 2008. Walikusanya maneno zaidi ya milioni 1 ya vijana wa Toronto wakichati, wakakuta vifupisho vya aina ya "lol" ni sehemu ndogo sana ya maandishi yao. Kulinganisha na "xaxa" zetu ni juu yako, lakini tayari una kipimo.

Kiswahili na Afrika Mashariki. Kuna kichekesho chenye uchungu hapa. Mojawapo ya makala zinazokaribia zaidi swali letu ni ya Sarah Hillewaert, ya 2015, kuhusu vijana wa Lamu na namna wanavyoandika Facebook kwa tahajia inayobeba lafudhi ya kwao. Tahajia kama utambulisho, ndiyo hasa tunayoitafuta. Makala hiyo imo katika Journal of Linguistic Anthropology, jarida la Marekani. Vijana wako Lamu, maneno yao ni ya Lamu, na wewe wa Mombasa unahitaji nenosiri la chuo ili uyasome.

Kufuata uzi. Wastani. Kila hifadhi inakupeleka kwa ndugu wa ukoo wake, mara chache kwa majirani.

Inamfaa nani? Mwenye usajili hai, anayejenga kiunzi cha nadharia, anayejua atabanwa kwa kila rejeo.

Majarida huria ya fani

Matatu nayaamini. Journal of Computer-Mediated Communication, lililoanza 1995 na sasa liko chini ya Oxford University Press. First Monday, lililoanza 1996. Na Language@Internet, lililoanza 2004, ambalo ndilo linalohusu lugha moja kwa moja.

Gharama. Sifuri, bila kujisajili. Na kwa mtu wa bando kuna faida nyingine: First Monday huweka makala zake kama kurasa za kawaida za tovuti, zinafunguka hata kwenye simu ndogo na hazili bando kama PDF nzito.

Umri. Yalikuwepo mambo yakitokea. Ukisoma matoleo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 unawaona watafiti wakishangaa vitu ambavyo leo tunavifanya bila kufikiri, na mshangao huo ni data. Karibuni pia yako hai.

Ubora. Hupitiwa na wataalamu, sawa na ya kulipia. Dhana kwamba cha bure ni cha ovyo inatakiwa ifie hapa. Makala ya Herring niliyoitaja juu ilitoka katika hilo la 1995, ikiwa bure tangu siku ya kwanza.

Kiswahili na Afrika Mashariki. Haba. Mtu akitafuta "Swahili" humo anarudi mikono mitupu, analilaumu jarida. Kosa ni la kutafuta mifano mahali panapotoa zana. Nieleze kwa kisa kidogo. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mama mmoja anauliza: "Kikao saa ngapi?" Kabla hajajibiwa, anaingia mtu na taarifa ya msiba na namba ya kutumia rambirambi. Anafuata mwingine na picha ya maua, "Asubuhi njema wapendwa". Wa tatu anatuma "Amina". Ndipo linadondoka jibu: "Saa kumi." Baba mmoja anauliza, "Saa kumi ndiyo mazishi?" Kila aliye kwenye kundi la namna hiyo ameshaona vurugu hii. Herring aliichambua mwaka 1999, akitumia mazungumzo ya Kiingereza: swali na jibu vinatenganishwa na ujumbe usiohusiana, kwa sababu mashine inapanga kwa muda wa kufika, haipangi kwa mada. Alieleza pia kwa nini watu wanavumilia, na hata kufurahia, fujo hiyo. Hakuna Mswahili hata mmoja katika makala ile, lakini kisa cha baba na mazishi kinaelezeka kwa zana zake.

Kufuata uzi. Ndani ya jarida ni rahisi, nje yake inabidi urudi Google Scholar.

Inamfaa nani? Asiye na chuo, mwenye simu tu, na yeyote anayetafuta mbinu ya uchambuzi kuliko mifano ya kwao.

Hazina za Afrika na za Kiswahili

Ninaweka pamoja AJOL, mkusanyo wa majarida ya Afrika ulioanza 1998 na unaoendeshwa kutoka Afrika Kusini. Hifadhi za tasnifu za vyuo kama Nairobi na Dar es Salaam. Na majarida ya Kiswahili yenyewe. Haya ni pamoja na Kiswahili na Mulika ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, na Swahili Forum la Ujerumani, linalotoka tangu 1994 na kusomwa bure.

Gharama. Sehemu kubwa bure, ingawa AJOL ina majarida yanayodai malipo. Gharama iliyojificha ni mtandao wenyewe. Kuna hifadhi ambayo leo inafunguka, kesho haifunguki, na tasnifu iliyoskaniwa ukurasa kwa ukurasa inaweza kumaliza bando la siku.

Umri. Kwa mada hii ni ya karibuni zaidi, na tasnifu mara nyingi hutangulia majarida. Ukitaka kujua nani amechunguza meseji za wanafunzi au lugha ya Facebook kwa Kiswahili, uwezekano mkubwa ni mwanafunzi wa uzamili, si profesa.

Ubora. Hapa panahitaji jicho. Tasnifu imesimamiwa na kutahiniwa, hilo si dogo, lakini zinatofautiana kama mahindi ya gunia moja. Mimi huanzia mwisho: nasoma marejeo ya tasnifu kabla ya ikisiri. Kama marejeo yote ni ya miaka kumi kabla ya tasnifu yenyewe, nashuku. Halafu tusichanganye jarida la Afrika na jarida la kuwinda ada. Yale ya kuwinda yanaweza kuwa na anwani ya London na jina lenye neno "International" mara mbili.

Kiswahili na Afrika Mashariki. Hapa ndipo nyumbani. Utapata data ya "cjui" na "2onane", utapata istilahi za Kiswahili za kuzizungumzia, na utapata mtu aliyeona kwamba c na x hazifanyi kazi moja. Kwa anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, istilahi peke yake inatosha kuwa sababu ya kuja hapa. Bila hizo utaishia kubuni maneno yako na kugombana na mtahini.

Kufuata uzi. Hafifu. Vyombo vya kutafutia kwenye hifadhi nyingi ni vigumu kama kufuli la kutu. Andika neno kwa umoja na kwa wingi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ukishindwa vinjari kwa idara na mwaka.

Inamfaa nani? Anayeandika kwa Kiswahili au kuhusu Kiswahili, na anayehitaji kuthibitisha kwamba pengo lake ni pengo kweli.

Neno kuhusu roboti

Wengi sasa wanauliza roboti za kuchati ziwatajie marejeo. Kwa kufikiria maneno ya kutafutia zinafaa, na mimi hutumia. Kwa orodha ya marejeo, hapana, isipokuwa umefungua kila moja kwa mkono wako. Zinaweza kumpa mwandishi wa kweli makala ambayo hakuiandika, katika jarida la kweli, na kurasa zilizotiwa namba vizuri kabisa. Mtahini anayeijua fani analigundua kwa dakika moja.

Kwa hali yako

Kama ni andiko la utafiti la shahada ya kwanza na una wiki mbili, tafuta makala moja ya nadharia kwenye jarida huria, moja ya Afrika Mashariki kwenye AJOL au hifadhi ya tasnifu, kisha tumia kiungo cha walionukuu kuziunganisha. Huhitaji zaidi ya hapo ili uanze kuandika.

Kama uko uzamili na usajili wako ni hai, geuza mpangilio. Maktaba ya chuo kwanza, pakua kwa pupa, halafu majarida huria kwa ajili ya miaka ile ambayo JSTOR haina. Hazina za Kiswahili zisikose, hata kama tasnifu yako ni ya Kiingereza, kwa sababu mtahini wa nje anaweza kuwa ndiye aliyeandika humo.

Kama unachochunguza ni siasa na mitandao kuliko lugha, vigezo vinabadilika: vitabu vinakuwa muhimu kuliko makala. Kitabu cha Nanjala Nyabola cha 2018 kuhusu Kenya, Digital Democracy, Analogue Politics, ni mahali pa kuanzia, na orodha yake ya marejeo itakupeleka mbele kuliko utafutaji wowote.

Kama utakusanya meseji za watu, ongeza rafu moja kabla ya zote. Association of Internet Researchers, chama cha watafiti wa mtandao, wametoa miongozo ya maadili, ikiwemo ya 2019, na inapatikana bure. Isome sambamba na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 au Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Ujumbe wa kundi la familia si wa hadhara kwa sababu tu wewe ni mwanakundi.

Na kama huna chuo, una simu na bando la wiki, anza na First Monday na Language@Internet, ongeza akaunti ya bure ya JSTOR, na ukikwama kwenye makala inayodai malipo mwandikie mwandishi. Anwani yake ya barua pepe huwa kwenye ukurasa wa kwanza au kwenye tovuti ya chuo chake. Taja makala na mwaka, eleza kwa sentensi mbili unachofanya, uombe nakala. Wengi hufurahi kuona kuna mtu anataka kuwasoma, na mara nyingine nakala inakuja na nyingine mbili ambazo hukuziomba.